Mgombea binafsi si mgeni, Mbulu tulishampata

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzetu wa Morogoro aliandika katika ukurasa huu kwamba mgombea binafsi, yaani asiyesimamishwa na chama chochote, ni jambo la kuiga kwa wengine, na kwamba tukiliruhusu nchi itajaa wagombea wa kabila na wa fedha. Barua yake nimeisoma mara mbili. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi nimezaliwa Mbulu, na huku kwetu jambo hilo halikuigwa kwa mtu.

Agosti 1960, katika uchaguzi wa mwisho kabla ya Uhuru, chama cha TANU kilizoa viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha kwetu. Herman Sarwatt alikuwa mwana-TANU, lakini chama kilimteua mtu mwingine. Akasimama mwenyewe, wananchi wakampa. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wa waliompa, na kadi yake ya TANU aliitunza kwenye sanduku la nguo mpaka anaingia kaburini. Hakuna aliyemwita msaliti. Uhuru ulikuja Desemba 1961 kama ulivyopangwa.

Mwaka 1965 nilikuwa na miaka 11. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lenye ushindani lilipata wagombea wawili, mmoja alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, wakipanda jukwaa moja na kujibu maswali yaleyale. Sitetei chama kimoja. Ila katika uchaguzi ule wapiga kura walimwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani, na chama kikakubali. Mtu alikuwa na watu wawili mbele yake wa kupima.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mlango ulifunguliwa upande mmoja ukafungwa upande wa pili. Ibara ya 39 ya Katiba kwa Rais na ya 67 kwa mbunge zinataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Diwani naye vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba kabla mwananchi hajaingia kituturi, kile kibanda cha kupigia kura, vikao vya chama vimeshapiga kura ya kwanza, na ya vikao ndiyo nzito zaidi.

Nieleze nilichokiona. Nina jirani, sitamtaja jina, ambaye kwa miaka mingi aliongoza kamati yetu ya maji. Bomba lilipopasuka usiku, yeye ndiye aliyetoka na tochi. Mwaka 2010 watu walimwomba agombee udiwani. Yeye alitaka kusimama bila chama, na akawa anaifuatilia redioni kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila ya kudai mgombea binafsi aruhusiwe, kama wengine wanavyofuatilia mpira. Mtikila alikuwa ameshashinda Mahakama Kuu mara mbili, mwaka 1994 na 2006. Tarehe 17 Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Jirani yangu alizima redio akaenda shamba.

Baadaye alishawishiwa kuingia kura za maoni za chama kimoja. Aliongoza. Jina lilipokwenda juu, halikurudi. Hakuambiwa sababu, wala sisi hatukuambiwa. Siku chache baadaye vijana wa chama kingine walimletea kadi usiku, muda wa kurudisha fomu ukiwa bado haujaisha. Aliwaambia sera zao hazijui, na hawezi kusimama jukwaani kuwadanganya majirani zake kwamba anaziamini. Wakaondoka na kadi yao.

Jumapili ya tarehe 31 Oktoba nilikuwa msimamizi wa kituo, katika darasa nililokuwa nikifundisha. Bibi mmoja alipokea karatasi zake, akaingia kituturini, akakaa sana. Kisha akatoa kichwa, akaniuliza kwa sauti kila mtu akasikia: "Mwalimu, mbona picha ya mtu wa maji siioni?" Mawakala wakanitazama. Sheria hainiruhusu kumwelekeza mpiga kura juu ya mgombea yeyote, nami nikamwambia tu kwamba waliopo ni hao anaowaona. Alitumbukiza karatasi zake sandukuni. Usiku, tulipohesabu kura za diwani, tulikuta karatasi moja haina alama yoyote. Sijui ilikuwa ya nani, na sikupaswa kujua. Niliihesabu pamoja na zilizoharibika.

Sasa nirudi kwa ndugu yangu wa Morogoro. Anahofia kabila na fedha. Je, ndani ya vyama havimo? Mwenye fedha leo ana kazi rahisi zaidi: anahitaji kuwaridhisha wajumbe wachache, si kata nzima. Wakenya waliandika mgombea binafsi katika Katiba yao ya 2010, na wakaweka masharti, likiwemo la kutokuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uganda, uchaguzi wa 2021 uliingiza bungeni zaidi ya wabunge 70 wasio na chama. Nchi hizo zina matatizo yao, lakini hayakuletwa na hao.

Na mwanamke asiye na chama? Viti maalum vya wanawake bungeni hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura, kwa chama kilichopata angalau asilimia 5, na orodha inaandaliwa na chama. Kwa hiyo hata mlango uliotengwa kwa ajili yetu sisi wanawake ufunguo wake uko ofisini kwa chama. Hili linaniuma, na sioni likizungumzwa.

Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, iliamua kwamba katazo hili linavunja haki, na ikaitaka nchi yetu irekebishe. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru. Kura ya maoni ya wananchi juu ya Katiba mpya, iliyokuwa ifanyike Aprili 2015, ikaahirishwa, na mwaka huohuo Mtikila akafariki katika ajali ya gari.

Jirani yangu bado yupo, goti linamsumbua, kamati ameiachia vijana. Mwezi uliopita tulikutana bombani akaniuliza kesi ile iliishia wapi. Nikamwambia Mtikila alishinda Arusha, tangu 2013. Akaweka ndoo chini.

"Sasa fomu inachukuliwa wapi?"

Mwalimu mstaafu,
Mbulu, Manyara