Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: nani ameandika rasimu hii?

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mtumishi mstaafu niliyekaa miaka mingi katika kamati za zabuni, na ninalotaka kukueleza ni kwamba utekaji wa dola, yaani watu binafsi kuishika serikali na kuiongoza kwa faida yao, huanzia kwenye rasimu, kabla sheria yoyote haijavunjwa.

Mla rushwa wa kawaida huvunja sheria, na mkaguzi mwenye subira akipekua majalada humnasa. Aliyeiteka dola hana haja ya kuivunja, kwa kuwa sheria yenyewe ameshonewa kwa kipimo chake. Niliwahi kuletewa rasimu ya kanuni niitolee maoni. Nilipotazama taarifa za faili katika kompyuta, jina la mwandishi lilikuwa la wakili wa kampuni ambayo kanuni hiyo ilikusudiwa kuidhibiti. Sharti mojawapo lilimtaka kila mwombaji awe ametoa huduma hiyohiyo kwa serikali kwa miaka 7 mfululizo, na kampuni ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Nilipohoji, nilijibiwa kwamba wataalamu wameridhika. (Ni wataalamu gani, sikuambiwa hadi nilipostaafu.)

Afrika Kusini imetuonyesha jambo hili likikomaa linafika wapi. Mcebisi Jonas, aliyekuwa Naibu Waziri wa Fedha, alieleza kuwa mwaka 2015 aliahidiwa na familia ya wafanyabiashara ya Gupta randi milioni 600 ili akubali kuwa waziri kamili, madai ambayo familia hiyo iliyakanusha. Tume ya Jaji Raymond Zondo ya kuchunguza utekaji wa dola nchini humo, iliyoanza kusikiliza mashahidi mwaka 2018 na kukamilisha ripoti yake mwaka 2022, ilichunguza pia ununuzi wa vichwa 1,064 vya treni vya Transnet, shirika la uchukuzi la serikali, ambao makadirio yake yalipanda kutoka randi bilioni 38.6 hadi bilioni 54.5. Utaona, Mheshimiwa, kwamba kiti kilichowindwa ni kama hicho unachokikalia, kwa sababu mwenye funguo za hazina ndiye anayeweza kukataa kulipa.

Sisemi wafanyabiashara wasisikilizwe, kwani kanuni iliyotungwa bila kuwasikiliza huwa haitekelezeki. Ila wasikilizwe hadharani. Kila rasimu itangazwe pamoja na majina ya walioichangia na maneno waliyopendekeza, na tarehe za vikao vyao na maofisa wako zijulikane. Sharti lolote la zabuni linalobakiza mshindani mmoja lielezwe sababu yake kwa maandishi, na ofisa anayeitwa kwa jina atie saini. Kampuni inayoomba kazi ya serikali nayo itaje watu halisi wanaoimiliki, maana msajili akionyeshwa kampuni inayomilikiwa na kampuni nyingine hajaonyeshwa mtu.

Kabla ya kusaini rasimu ijayo itakayofika mezani kwako, ninaomba uwaulize wasaidizi wako ni nani aliyeiandika mara ya kwanza, na wakujibu kwa maandishi.

Wako mtiifu,
Mtumishi mstaafu wa umma