Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nafasi Yetu Katika Mpango wa Miaka 20 wa Uwanja wa Ndege

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na majukumu.

Hesabu za chama atazisoma Mhazini mwenyewe, na marekebisho ya katiba yatakuja kwenye ajenda yake. Taarifa yangu inahusu jambo lililotubeba mwaka mzima: mpango kabambe wa uwanja wetu. Huo ndio utakaoamua, kwa miaka 20 ijayo, njia ya kuruka na kutua ndege irefushwe upande gani, nani ahame, barabara ya mashambani ipite wapi na mnazi wa nani ukatwe.

Msimamo wa kamati ni huu. Maoni ya mwananchi yasiyo na kipimo huishia kwenye karatasi ya mahudhurio. Yenye kipimo, yakifika mapema, mshauri mwelekezi anayeuandaa mpango hana budi kuyajibu.

Kufika mapema maana yake nini? Mpango kabambe una mtiririko wake: hali ilivyo sasa, makadirio ya safari na abiria, mahitaji, njia mbadala, halafu mchoro mmoja uliochaguliwa, gharama na awamu, kwa kawaida miaka 5, 10 na 20. Wananchi wengi huitwa mchoro ukiwa umeshachaguliwa. Hapo husikilizwa vizuri, chai hunywewa, na mstari hausogei hata hatua moja. Milango iliyo wazi kweli ni miwili: wakati wa kukusanya taarifa za hali ilivyo, na wakati njia mbadala ziko mezani. Mlango wa tatu, mwembamba zaidi, ni tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwenye hatua ya kubainisha mambo ya kuchunguzwa. Mkoa wetu wa Lindi unajua gharama ya mpango mkubwa usiouliza wenyeji habari za udongo na mvua. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulianza mwaka 1947 na ulifutwa mwaka 1951, na reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa miaka ya 1960.

Zidisha kwa 25, ongeza 60

Kanuni hii kila mwanachama aishike, kwa sababu ndiyo itakayogusa mashamba mengi kuliko urefushaji wenyewe.

Kwa viwango vya kimataifa vya Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, uwanja wa kundi la 2 (urefu wa msingi, yaani wa usawa wa bahari, nyuzi joto 15 na njia tambarare, ukiwa mita 800 hadi chini ya 1,200) usio na mitambo ya kuongozea ndege kutua unatakiwa kuwa na anga wazi kila upande wa mwisho wa njia. Anga hiyo inaanza mita 60 nje ya mwisho wa njia, ikiwa na upana wa mita 80, na inapanda mita 1 kwa kila mita 25 hadi umbali wa mita 2,500, huku ikitanuka kila upande kwa asilimia 10. Kwa hiyo chukua kimo cha kitu, zidisha kwa 25, ongeza 60. Jibu ndilo umbali wa chini kabisa, kwa mita, kutoka mwisho wa njia.

Mnazi wa mita 25 uwe mita 685 au zaidi. Mkorosho au nguzo ya umeme ya mita 12, mita 360. Lori lililopakia magunia hadi kimo cha mita 4.5 nalo ni kizuizi, kwa hiyo barabara isipite karibu zaidi ya mita 173. Hili la lori husahaulika sana. Miti hukatwa, kisha njia ya kwenda ghalani inachongwa palepale ilipokatwa. Kama kitu kiko juu ya kichuguu au kilima, ongeza tofauti ya mwinuko kabla ya kuzidisha.

Minara ya simu ina hesabu yake. Ndani ya kilomita 2.5 kuzunguka uwanja wa kundi hili, kitu chochote kisizidi mita 45 juu ya usawa wa uwanja. Kuanzia hapo ruhusa inapanda mita 1 kwa kila mita 20. Mnara wa mita 60 unahitaji basi kuwa kilomita 2.8 au zaidi, na uwe umepata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla nondo hazijashushwa. Mwenye shamba anayefuatwa na watu wa minara awatangazie hivyo tangu siku ya kwanza, maana kodi ya mnara uliozuiwa hailipwi.

Kupima kimo cha mti hakuhitaji mtaalamu. Shika fimbo iliyonyooka wima, sehemu iliyo juu ya kiganja iwe sawa na umbali kutoka jicho hadi kiganja, mkono ukiwa umenyooka. Rudi nyuma kwenye ardhi tambarare mpaka kiganja kionekane kwenye shina chini na ncha ya fimbo kwenye kilele. Umbali wako hadi shina ndio kimo cha mti. Kosa la kawaida ni kupimia kwenye mteremko, au kukunja kiwiko bila kujua. Mahali mti ulipo pachukuliwe kwa simu, lakini simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo mti ulio karibu na mpaka upimwe kwa utepe kutoka kwenye bikoni.

Mkorosho hauna haja ya kung'olewa mara moja. Ukikatwa chini huchipua, na hata aina ya mti inaweza kubadilishwa kwa kubebesha kikonyo (kitawi) cha aina bora. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, Mtwara, wana uzoefu mrefu na kazi hiyo. Mnazi hauna nafasi ya pili: una kichomozo kimoja tu, ukikata kilele umeua mti. Anayeshauriwa "kupunguza" minazi ajue anaombwa kuiua, na adai fidia ya mti mzima. Mazao yanayofaa chini ya anga hiyo ni mihogo, ufuta, choroko na karanga. Mtama na mpunga hapana, kwa sababu ya ndege wenye manyoya. Kwa sababu hiyohiyo tumependekeza dampo jipya na sehemu za kuanikia samaki zisisogezwe upande wa uwanja. Kunguru mmoja kwenye injini anatosha.

Urefu wa njia na upepo

Limeulizwa sana swali hili: ndege imeandikiwa mita 800, sisi tuna zaidi ya hapo, mbona bado inapunguza mizigo? Kwa sababu mita 800 ni za usawa wa bahari, nyuzi joto 15, njia tambarare. Kwa makadirio ya awali huongezwa asilimia 7 kwa kila mita 300 za mwinuko, asilimia 1 kwa kila nyuzi inayozidi joto la kawaida la mwinuko huo, na asilimia 10 kwa kila asilimia 1 ya mteremko. Huku pwani, kwa nyuzi 32 na mteremko wa asilimia 1, mita 800 zinakuwa kama 1,030. Ndege hiyohiyo kwenye mwinuko wa mita 400, joto na mteremko vikiwa vilevile, inataka kama 1,150. Joto na ardhi ndivyo vinavyokula mzigo, rubani hana lawama.

Ardhi ya njia ya mita 1,030, pamoja na mita 60 kila mwisho na mita 40 kila upande wa mstari wa kati, ni hekta 9.2, karibu ekari 23. Maegesho, jengo la abiria na barabara ya kuingilia havimo.

Kuhusu mwelekeo, kanuni inataka njia itumike walau asilimia 95 ya muda bila upepo wa ubavu kuzidi noti 10 (kama kilomita 19 kwa saa) kwa viwanja vyenye urefu wa msingi chini ya mita 1,200. Takwimu za upepo ziwe za miaka 5 au zaidi. Mshauri akichukua takwimu za kituo cha mbali, atapata kusi na kaskazi za huko. Wavuvi wetu wanajua matlai yanaanza saa ngapi na kusi inakolea miezi gani. Ujuzi huo hauingii kwenye mpango kwa maneno. Unaingia kwa daftari: saa, upande ambao mfuko wa upepo umeelekea, umenyooka au umelegea. Daftari letu liendelee kujazwa asubuhi, adhuhuri na alasiri, hata siku isiyo na ndege.

Safari ambazo hazikufanyika

Makadirio ya baadaye hujengwa juu ya kitabu cha uwanja: ndege zilizotua, abiria, mizigo. Uwanja wa changarawe unaofungwa na tope kati ya Januari na Aprili unajiandikia takwimu ndogo, kisha takwimu ndogo zinatumika kusema hauhitaji matengenezo. Ndiyo maana tumeanzisha orodha ya pili ya safari zilizoombwa zikashindikana, na sababu yake: tope, mashimo, ng'ombe, moshi wa kuchoma mashamba, kukosa mafuta. Mgonjwa aliyepelekwa kwa gari badala ya ndege aingie humo, bila jina lake. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Siku kama zile ndizo zinazoonyesha uwanja mdogo una kazi gani, nazo kwenye wastani wa mwaka hazionekani.

Upande wa pili, tusijidanganye kwa ahadi. Mradi wa kuchakata gesi asilia wa Likong'o umezungumzwa miaka mingi. Kamati imependekeza awamu za mpango zisifungwe kwa mwaka bali kwa kigezo: idadi fulani ya miruko kwa mwezi ikifikiwa mfululizo, awamu ya pili inaanza, na isipofikiwa, ardhi inalindwa lakini lami haimwagwi.

Katika miaka 5 ya kwanza tunachotaka ni mgongo wa njia. Kwa upana wa mita 23 na mteremko wa asilimia 2 kwenda pembeni, katikati panapaswa kuwa juu ya ukingo kwa sentimita 23. Greda likipita vibaya linasukuma kifusi pembeni na kuacha tuta ukingoni. Maji yanakosa pa kutokea, yanalala katikati, na mvua ya pili inatoboa. Kazi hiyo ifanyike Mei au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu, na ishindiliwe siku hiyohiyo. Ikifanywa Septemba ni kuhamisha vumbi tu, na kokoto zilizolegea zitakula mapangaboi.

Ardhi na fidia

Stahili zinazotajwa na kanuni za fidia ya ardhi za mwaka 2001 ni thamani ya ardhi, ya maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Posho ya makazi ni kodi ya soko kwa miezi 36, na ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Manung'uniko mengi huzuka hapa: posho ya usafiri haitolewi kwa ardhi isiyokaliwa na mtu, kwa hiyo mwenye shamba tupu asiihesabu. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, na familia zianze sasa kuandika ya nani yako wapi.

Mikorosho ihesabiwe na mwenyewe kabla mthamini hajaja, kwa umri na kwa picha. Itakayopandwa baada ya tarehe ya ukomo wa kuhesabu mali hailipwi. Mashamba yanayolimwa na wanawake yasiandikwe kwa jina la kaka au shemeji kwa sababu tu ndiye aliyekuwepo siku ya kuhesabu. Ugomvi wake hudumu kuliko uwanja.

Lakini kulipa fidia kwa ardhi yote iliyo chini ya anga ya ndege kutua hakuwezekani wala hakuhitajiki. Ulinzi wa kudumu ni kuichora anga hiyo kwenye mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2007, ukapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mchoro uliopo kwenye kabati la uwanja peke yake haumzuii mtu kujenga. Wenyeviti wa vitongoji, hili ndilo tunalowaomba zaidi ya yote.

Mikutano

Mikutano ya mpango isiitishwe Oktoba hadi Desemba, watu wako kwenye korosho na minada. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa nao, Juni na Julai, asubuhi hupati mtu. Mei baada ya alasiri ndiyo bora, Ijumaa mchana ikiepukwa. Tangazo lisiishie kwenye ubao wa ofisi ya kata. Lipelekwe msikitini, kanisani, ghala la chama cha msingi na mwaloni. Ramani ichapwe kubwa, ikiwa na majina ya mahali tunayotumia wenyewe, miembe na visima vikionekana, la sivyo hakuna atakayejua shamba lake ni lipi. Muhtasari uandike kila hoja na jibu lake, na nakala ibaki kijijini. Saini ya mahudhurio iwe kwenye karatasi iliyoandikwa juu kabisa kwamba si ridhaa ya kutoa ardhi.

Mwaka ujao kazi ya kwanza ni kumaliza kupima miti ya upande wa baharini. Fomu ziko kwa Katibu: kimo, umbali, mwinuko, mmiliki, picha. Atakayekwenda kupima awasiliane kwanza na msimamizi wa uwanja ajue ratiba ya ndege ya siku hiyo, na azunguke kwa nje, asikatize njia.

Mwenyekiti