Barua kwa mwanangu: protini iingie kwenye sahani uliyoizoea

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Umeniandikia kwamba njaa inakurudia saa mbili tu baada ya kula, kwamba umeshauriwa uongeze protini, na kwamba ulikuwa mbioni kununua kopo la unga wa wanamichezo. Liache dukani kwanza. Hata chakula chako huna haja ya kukibadilisha. Sahani ni ileile, tunachotafuta ni cha kuingiza ndani yake.

Tuanze na hesabu, maana asiyepima hukisia, na wengi hukisia vibaya. Mtu mzima mwenye afya njema anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48. Hicho ni kiwango cha chini, cha kumkinga na upungufu. Waliovuka miaka 65 hushauriwa kula gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, na anayefanya mazoezi mazito gramu 1.2 hadi 1.6.

Kosa la kwanza ni kudhani kipande cha nyama cha gramu 100 kina gramu 100 za protini. Kifua cha kuku kilichopikwa kina gramu 31 hivi katika kila gramu 100, nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta kama 26, na samaki wengi kati ya 20 na 25. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kosa la pili ni kuchanganya kikavu na kilichopikwa. Gramu 100 za maharage makavu zina protini gramu 22 hivi, ila yakishaiva, gramu 100 zina 8 au 9 tu, kwa sababu yamenyonya maji na kuvimba zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ukisoma namba yoyote, uliza kwanza: kikavu au kilichopikwa?

Sasa tazama asubuhi yako, maana naona ndipo pengo lilipo. Vipande viwili vya mkate na chai vinakupa gramu 6 hivi. Mchana unakula wali mwingi na mboga kidogo, halafu usiku ndipo nyama inapokuja yote kwa mkupuo. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Inayozidi mahitaji ya wakati ule huchomwa au hugeuzwa kuwa kitu kingine. Ndiyo maana gramu 20 hadi 25 katika kila mlo zina faida kuliko 10 asubuhi na 60 usiku. Asubuhi ileile ya mkate, ongeza mayai mawili (gramu 12) na kikombe cha maziwa cha mililita 250 (gramu 8). Umeshafika 26 bila kugusa nyama.

Siku usiyotaka mayai kwenye sahani, yatie kwenye uji, ila fuata utaratibu huu. Piga yai moja kwenye bakuli hadi kiini na ute vichanganyike kabisa, kusibaki utelezi unaoning'inia kwenye uma. Uji ukishaiva, punguza moto. Chota vijiko vitatu au vinne vya uji wa moto, umimine kidogo kidogo kwenye yai huku unakoroga bila kusimama. Hapo ndipo umimine mchanganyiko wote kwenye sufuria, na uendelee kukoroga dakika mbili juu ya moto mdogo, mpaka uji uwe mzito kidogo na ung'ae. Ukilipasulia yai moja kwa moja kwenye uji unaochemka, ute huganda papo hapo, na utapata nyuzi nyeupe zinazoelea na harufu ya yai. Protini imo vilevile, lakini kesho hutarudia. Yai bichi la kunywa usiliguse. Mwili hufaidi protini ya yai lililopikwa kwa asilimia 90 hivi, na la bichi kwa takriban nusu tu, tena lina hatari ya bakteria wa salmonela.

Maziwa ya unga nayo ni rafiki wa jikoni. Vijiko viwili vya chakula vina gramu 4 au 5 za protini, na huingia kwenye uji, supu nzito, viazi vya kuponda hata unga wa mkate. Yakoroge kwanza kwenye maji ya baridi kidogo, ndipo uyatie. Ukiyamwaga makavu kwenye kitu cha moto, nje ya kila punje hulowa na kufunga, ndani hubaki unga mkavu, na hayo ndiyo mabonge unayoyalalamikia. Yatie mwishoni, maana maziwa hushika chini ya sufuria upesi.

Kwa mtindi, kazi ni ya kitambaa tu. Mtindi wa kawaida usio na sukari una gramu 3 hadi 4 katika kila gramu 100. Tandaza kitambaa safi cha pamba kwenye chujio, mimina mtindi, weka bakuli chini, acha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta umebaki nusu hivi, mzito kama jibini laini, na sehemu kubwa ya protini imebaki juu ya kitambaa. Maji yaliyochuja usiyamwage, yana protini kidogo na yanafaa kukandia mkate. Ukitaka kuutia mtindi kwenye mchuzi, epua kwanza na uuchanganye na mchuzi vuguvugu kidogo kidogo. Ukichemka utakatika.

Mchana nakuomba uweke nguvu zako zote kwenye jamii ya kunde: maharage, kunde, choroko, mbaazi, adesi, soya. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, na cha adesi 18. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Nafaka zina upungufu wa kimojawapo, laisini, na jamii ya kunde inayo kwa wingi. Jamii ya kunde nayo ina upungufu wa kingine, methionini, ambayo nafaka inayo. Ndiyo maana wali na maharage hukamilishana. Si lazima viwe kwenye sahani moja, ilimradi umekula vyote ndani ya siku hiyo.

Maharage ndiyo yanayowashinda wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Chambua, osha, loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Maji ya kulowekea yamwage: yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni. Tia maji mapya, na uyachemshe kwa moto mkali, yatokote kwelikweli, dakika 10 kwa uchache. Mimi hupenda 30 kwa usalama. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo moto wa polepole hauiui, na hata punje nne au tano ambazo hazikuiva zinaweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Ukitumia sufuria ya umeme ya kupika polepole, yachemshe kwanza kwenye jiko la kawaida ndipo uyahamishe.

Yakikataa kulainika, sababu huwa ni moja kati ya tatu. Huenda ni ya zamani, yamekaa ghalani muda mrefu kiasi kwamba ganda na nyama yake vimekakamaa. Huenda maji yako yana chokaa nyingi. Au umetia nyanya au ndimu mapema, na uchachu umezuia kulainika. Nyanya husubiri mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili bila kukaza. Chumvi, licha ya yanayosemwa, haizuii. Magadi kidogo hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 na yakizidi huacha ladha ya sabuni, kwa hiyo mimi siyashauri ila pale maji yanapokushinda. Pika kilo nzima siku moja, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja, gandisha. Siku ya haraka, chota chombo kimoja, ponda nusu yake uichanganye na mchuzi wa mboga: mchuzi unakuwa mzito, na umepata gramu 7 au 8 juu ya ulichokuwa unakula.

Usiruke kutoka sifuri hadi vikombe viwili kwa siku. Tumbo lisilozoea litajaa gesi, na utayasingizia maharage. Anza na nusu kikombe, ongeza baada ya wiki, na kunywa maji ya kutosha.

Karanga zina gramu 25 katika kila gramu 100, na mbegu za maboga kama 30. Vijiko viwili vya siagi ya karanga ni gramu 7. Ukiitia kwenye mchuzi, ilegeze kwanza kwa maji ya moto, la sivyo itazama na kuungua chini. Pima kwa kijiko, maana mafuta yake ni mengi: gramu 100 za karanga zinakaribia kilokalori 570. Na iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu, itupe yote. Ukungu hutoa sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi.

Jioni sina mengi. Supu ya mifupa ni tamu lakini protini nyingi iko kwenye nyama kuliko kwenye maji yake, kwa hiyo mwenye kunywa mchuzi na kumwachia mwenzake mnofu amepata ladha zaidi kuliko protini. Tui la nazi na maziwa ya lozi havishiki nafasi ya maziwa ya ng'ombe. Kikombe cha maziwa ya lozi kina gramu 1 hivi, ila ya soya hukaribia 7. Njegere zina 5 katika gramu 100, nyingi kuliko mboga za kawaida, basi konzi mbili kwenye wali si haba.

Ila sikiliza hili kabla hujaanza. Kama umewahi kuambiwa figo zako zina shida, au una kisukari ama shinikizo la damu la muda mrefu na hujapima figo, onana na daktari kwanza. Figo zilizochoka hulemewa na protini nyingi, na huko kiwango hupangwa na mtaalamu.

Jipime uzito asubuhi kabla ya kula, uandike na vyote utakavyokula kwa siku tatu, hata kipande cha mkate cha kusimama jikoni, uniletee. Nitakufanyia hesabu, tuone ni mlo gani unaopwaya.

Mama yako