Niongezee milioni 4.5 nichukue IST au nibaki na Altezza yangu?

Kaka habari za kazi, pole na majukumu. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, kazini ni Mtumba kule mji wa serikali. Naomba unishauri maana wiki ya pili hii nalala nawaza gari tu.

Nina Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za kukanyaga klachi, injini 3S-GE, nilinunua 2019 kwa mtu kwa milioni 9, hela niliyojibana miaka minne. Ni namba C, usajili wa zamani kidogo, lakini bodi haijagongwa na injini haijafunguliwa. Naipenda hii gari kaka sikufichi, ukitoka nayo alfajiri ukashika njia ya Singida barabara tupu, ukiivuta gia ya tatu mwili wote unasisimka, kwenye kona imelala chini haiyumbi. Na ndiyo iliyomtoa mama Mpwapwa usiku ule alipozidiwa, tukawahi hospitali.

Sasa kuna yadi ya magari nilipita kuulizia tu, jamaa akaizunguka akasema kiongozi magari yamepanda, hii ina hela saa hivi, niachie kwa milioni 8.5 uchukue Toyota IST ya milioni 13, yaani niongeze 4.5. Nikaenda nyumbani nimefurahi, nikakaa na kalamu nikaona mbona kama ya kwangu imepanda na ya kwake si imepanda vilevile? Tena yeye ndiye anapanga bei zote mbili.

Nikapiga hesabu ya mafuta. Kwenda na kurudi kazini ni kama kilomita 45, kwa mwezi inafika 1,000. Altezza inanipa kilomita 9 kwa lita, wenye IST wananiambia wanapata 14. Tofauti ni kama lita 40, tuseme lita moja 3,000, basi naokoa laki na ishirini kwa mwezi. Ile milioni 4.5 itarudi baada ya miaka mitatu na ushee! Ila nakumbuka Agosti 2022 petroli ilivyofika 3,410 Dar na huku kwetu juu ya hapo, nilipaki gari nikapanda daladala, na mpaka leo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA roho juu.

Kuagiza Japani nako nimeangalia, ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na gari ikizidi miaka 10 kuna kodi ya uchakavu asilimia 30, na dola ilivyokuwa imepanda nikaachana nako.

Wife yeye haongelei mafuta. Tunajenga Nzuguni na njia ya kufika saiti ni makorongo, mvua zikinyesha Altezza inakwangua chini, mwezi wa pili nilitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ikamwagika yote tukavutwa na trekta mtoto mdogo analia. Aliniambia baba fulani tutahamia kule na gari utaiacha wapi? Sikuwa na jibu. Lakini hata IST haiko juu kihivyo, hilo nalo linanichanganya.

Kuna kijana anaitaka Altezza, amefika milioni 10, ila anataka atoe nusu, nyingine baada ya miezi mitatu, na gari aondoke nayo. Mdogo wangu ananiambia nikiuza RS200 ya manual siipati tena, na najua ni kweli.

Kaka, nichukue dili la yadi, nimvumilie huyu kijana huku kadi ya gari nimebaki nayo, au hiyo 4.5 nimalizie bati Nzuguni na gari ibaki mpaka bei zishuke? Na aliyewahi kubadilishana gari yadi, alipunguziwa kiasi gani kwenye bei waliyomtajia mwanzo? Jamaa amenipa mpaka Jumamosi.