Malalamiko: nyumba ya Krismasi Ardmore haikuwa na mafuta, na namba yenu ya dharura haipokelewi

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kuhusu ile nyumba mliyonipangishia Ardmore, kaunti ya Waterford huku Ireland, Krismasi iliyopita. Naandika Kiswahili kwa sababu tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili na yule kaka wa ofisini kwenu tuliongea Kiswahili mwanzo mwisho, nikamwambia mapema kabisa kwamba mama yangu anakuja kutoka Tanga, ni mtu mzima wa miaka 71, hajawahi kukutana na baridi ya Ulaya, nataka sehemu tulivu na iwe na bahari maana mama bila kuona bahari hatulii, akanijibu "usijali dada, nyumba ina joto saa zote".

Joto lenyewe lilikata usiku wa tarehe 24. Nilishika redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha joto, nikakuta za baridi, nikatoka nje na tochi ya simu kuangalia tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, kile kibomba cha plastiki cha pembeni kinachoonyesha mafuta yamefika wapi kilikuwa cheupe hadi chini kabisa, nikafungua mfuniko nikachovya kijiti kirefu, kikatoka kimelowa ncha tu na yenyewe ni tope. Hilo tangi halikuisha kwa matumizi yetu jamani, tulikuwa ndo tumefika.

Nikapiga ile namba yenu mliyoiandika "dharura masaa 24". Haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, mara mashine ya kuacha ujumbe, mara inakata yenyewe, ujumbe nimeacha, meseji nimetuma, picha ya tangi nimetuma, kimya mpaka sikukuu zikaisha.

Sasa nyie mnafanya biashara Ireland, mnajua fika hali ikoje huku. Tarehe 25 mabasi na treni hayatembei kabisa nchi nzima, maduka yamefungwa, na 26 nayo ni sikukuu. Nyumba nyingi za vijijini zinapashwa joto kwa mafuta ya taa na magari ya kuyaleta hayapiti sikukuu. Halafu hata ningepata dumu mahali, boila, ile mashine inayochoma mafuta kupasha nyumba joto, ikishakauka hewa inaingia kwenye bomba la mafuta, mara nyingi humimini tu ikawaka, mpaka fundi aje aitoe ile hewa, na fundi wa kuja siku ya Krismasi umtoe wapi? Ndo maana tangi linakaguliwa kabla mgeni hajafika.

Mama alilala na koti, juu ya koti khanga mbili, juu yake blanketi zote za nyumba nzima, mikono imeshikilia kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Hakulalamika hata mara moja na hilo ndo linaniuma zaidi, alikuwa ananiambia "mwanangu mbona pazuri tu" huku meno yanagongana. Mimi ni nesi Dublin, Krismasi ya kupumzika sipati hivi hivi, nilibadilishana zamu na wenzangu ili niwe na mama yangu, na nimeitumia kumpima joto.

Waliotuokoa ni majirani, wazee wawili wa nyumba ya chini yetu. Asubuhi walikuja kututakia heri, wakaona hali, wakarudi na kuni, briketi za mboji (vipande vya kuchoma kama kuni), hita ndogo ya umeme, na sahani mbili za chakula zimefunikwa. Hawana mkataba na sisi, hawajalipwa senti.

Na mnielewe vizuri, mji siulalamikii. Baa kufungwa Krismasi ni sheria yao, giza kuingia saa kumi na nusu jioni nilijua, upepo nilijua. Mama alifurahi sana tulipopanda mpaka kwenye ule mnara wa mviringo wa karne ya 12, akasimama makaburini pale anaangalia ghuba yote chini, na majirani wakamweleza habari za Mtakatifu Declan ambaye wenyeji wanaamini alihubiri huko hata kabla ya Mtakatifu Patrick, yule anayesifiwa kuleta Ukristo Ireland, akawa anauliza maswali mpaka tukachelewa kurudi. Ilitakiwa likizo yote iwe hivyo.

Jibu lenu lilipokuja mwezi wa kwanza lilisema Ireland ni nchi ya baridi na mteja anatakiwa ajiandae. Hapana. Nililipia nyumba yenye joto, imeandikwa kwenye tangazo na imeandikwa kwenye risiti.

Ninachodai: mnirudishie pesa za siku zote ambazo nyumba haikuwa na joto, mniandikie barua ya kumuomba radhi mama kwa jina lake, na mlipie kuni na umeme wa wale wazee, maana mimi nimetaka kuwalipa wamekataa. Na ile "masaa 24" ama muweke mtu wa kupokea simu sikukuu ama muifute kwenye tangazo leo, kuna familia nyingine zitaenda na watoto wachanga.

Nimeambatanisha risiti, picha za tangi zikiwa na tarehe na saa, na orodha ya simu nilizopiga. Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14, msinipigie. Msipojibu napeleka kwenye mahakama ya madai madogo, fomu ninazo tayari.

Mteja wenu,
Dublin