Land Rover ya Jeshi Iliyolala Upande: Kwa Nini Hatuongezi Bamba Moja Tu

Mwezi uliopita mzee mmoja alituletea Land Rover Series III, ile pikapu ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kutoka Mang'ola. Imebeba vitunguu miaka mingi, lakini ukiinama uvunguni unajua ilianzia jeshini: ndoano nzito ya kuvutia trela, matenki mawili ya petroli, moja chini ya kila kiti, na difu ya nyuma, lile bonge la gia kwenye ekseli, iliyopakwa rangi nyeupe. Karibu na difu kuna kitaa kidogo cha kuimulika. Msafara ukienda usiku taa kubwa zimezimwa, dereva wa nyuma alikuwa anafuata ule weupe tu. Vijana wetu wa gereji walidhani ni rangi iliyomwagika.

Gari lenyewe lilikuwa limelala kushoto kama mtu aliyebeba ndoo moja.

"Fundi, niongezee bamba moja moja kwenye springi za nyuma, kesho nirudi shamba," mzee akasema baada ya shikamoo na marahaba. Ombi hilo tunalisikia mno, ndiyo maana tunalieleza hapa.

Land Rover za Series, tangu ile ya kwanza ya 1948 hadi Series III ilipokoma 1985, zinakalia springi za mabamba kwenye magurudumu yote manne. Mabamba yamepangwa moja juu ya jingine, yamefungwa katikati kwa bolti, kisha yu-bolti, zile zenye umbo la herufi U, zinayabana kwenye ekseli. Ukipiga shimo, mabamba yanateleza moja juu ya mwenzake, na msuguano huo unasaidia kutuliza mruko. Kutu ikiingia katikati, hayatelezi tena. Hapo ndipo wateja wengi wanapochanganyikiwa: gari limekaa chini, na bado linagonga kama mkokoteni.

Sasa chukua bamba la Hiace au la Fuso ulichomeke humo. Mkunjo wake ni mwingine. Litagusana na wenzake sehemu mbili tatu tu, na hapo ndipo mzigo wote utakapoegemea. Likikatika, mara nyingi hukatikia kwenye tundu la bolti ya katikati. Kuna wanaopasha springi moto kwa gesi ili kuinyanyua, na hiyo sisi hatufanyi kabisa. Chuma cha springi kilipata ugumu wake kiwandani, kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Moto wa kubahatisha unaufuta. Gari litatoka gereji limesimama vizuri, halafu safari chache za mzigo, limelala tena. Mhunzi anayegonga bila moto anaweza kukusogeza kidogo, alimradi bamba halina ufa.

Tulipofungua ya mzee, kushoto bolti ya katikati ilikuwa imekatika kabisa na ekseli imerudi nyuma kama upana wa kidole. Kumbe ndiyo sababu siku zote alikuwa anashika usukani umepinda ili gari liende sawa! Alishazoea, akaona ndivyo Land Rover zilivyo.

Kazi iliyokula muda ni bushi, zinazoshikilia springi kwenye chesisi, yaani fremu ya gari. Zile za kwenye chesisi ni mpira ndani ya bomba la chuma, na bomba likishapata kutu linashikana na chesisi kama limechomelewa. Tulichoma mpira (majirani watusamehe kwa ule moshi), tukapitisha msumeno ndani, tukakata bomba taratibu bila kugusa chesisi, kisha patasi. Bushi mbili, siku nzima. Fundi akikuahidi kumaliza springi za Series kwa saa mbili, muulize atafanyaje na bushi.

Kabla ya kufunga chochote kipya tuligonga chesisi kwa nyundo ndogo. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haikuonyeshi kutu nyekundu, huku chesisi ya chuma inaoza kwa ndani. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya debe. Nyuma, karibu na springi, tulikata kipande na kuchomelea kipya. Springi mpya kwenye chesisi bovu ni hela ya kutupa.

Ukienda kununua springi mwenyewe, angalia namba yake. Kwa kawaida springi ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa kidogo kuliko ya abiria, na ukizibadilishana pande, gari linalala upande hata springi zikiwa mpya. Yu-bolti nunua mpya, za zamani nyuzi zake zimeshavutika. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa kwenye jeki, mpira unajipinda na kuchanika mapema. Na baada ya siku chache za kazi, rudi tukaze tena yu-bolti. Hatulipishi.

Wapo wanaotaka springi za kisasa zenye mabamba machache manene katikati. Ni laini, zinafaa kwa safari. Kwa magunia ya vitunguu, tulimshauri mzee abaki na za asili.

Ukitaka kujua hali ya gari lako, liegeshe tupu mahali tambarare, upime kutoka juu ya ekseli hadi chini ya chesisi, kulia na kushoto. Tuletee namba hizo, nasi tutakuambia kama kuna haja ya kufungua.

Mzee alichukua gari siku ya sita. Difu tumeipaka nyeupe upya, kwa ombi lake. Kitaa bado hakiwaki. Waya wake umeliwa na panya.