Kabla Hujaiwasha Hallicrafters Yako

Moshi

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Moshi. Huku hatujambo sote, na barua yako ya kwamba umepata redio ya zamani ya Hallicrafters S-38 imenifurahisha mno. Hallicrafters S-38 ilianza kutoka kiwandani Chicago mwaka 1946, na kwa bei yake nafuu iliwawezesha watu wengi wa kipato cha kawaida kuanza kusikiliza redio za ridhaa. Kupata moja huko Arusha ni bahati kubwa. Nakusihi tu usiichomeke kwenye umeme kwanza.

Redio hiyo haina transfoma ya umeme ndani. Filamenti (nyuzi za kupasha joto) za valvu zake sita, yaani zile chupa za kioo zinazofanya kazi ya kukuza sauti na mawimbi, zimeunganishwa kwa mfululizo, na jumla yake ni takriban volti 120, kwa hiyo umeme wetu wa volti 230 utaziunguza. Tafuta transfoma ya kushushia umeme yenye koili mbili zilizotengana kabisa, kwa sababu ile ya koili moja itapunguza volti lakini haitakukinga usipigwe na umeme wa chasisi, yaani fremu ya chuma ya ndani, ambayo inaweza kubeba umeme wa ukutani.

Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Bati za kapasita ya kutafutia stesheni usizikandamize, maana zikipinda na kugusana, sehemu hiyo ya masafa itakuwa kimya. Unapochomoa valvu, shika kitako, na usisugue maandishi yaliyo kwenye kioo, kwani hufutika kwa urahisi, nawe utashindwa kutofautisha valvu ya 12SK7 na ya 12SQ7. Volyumu inayokwaruza hutulia kwa spreyi ya kusafishia kontakti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) za karatasi zilizopakwa nta. Kwa macho huonekana nzima, lakini karatasi ikishanyonya unyevu kwa miaka mingi huanza kuvujisha umeme. Anza na ile inayopeleka sauti kwenye 35L6, ambayo ni valvu ya mwisho kabla ya spika. Ikivuja, pini namba 5 ya valvu hiyo hupata volti chanya, valvu huvuta mkondo kupita kiasi, na transfoma ya spika huungua. Transfoma hiyo ni ngumu kupatikana, ilhali kapasita mpya ni ya bei ndogo sana, hivyo sioni sababu ya kubahatisha. Ukishaibadilisha, pamoja na zile za elektrolitiki zinazoleta mngurumo, washa redio kupitia balbu ya filamenti ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfululizo kabla ya transfoma ya kushushia. Balbu ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima mara moja, kwani kuna shoti mahali.

Kapasita za zamani usizitupe. Ziweke kwenye bahasha, kwa kuwa atakayeirithi redio hiyo atapenda kujua ilivyokuwa.

Niandikie uwezo (mikrofaradi) na volti za kila kapasita kama zinavyosomeka. Nitazitafuta kwa mafundi wa hapa, kisha nitakutumia kwa basi.

Wako daima,
Rafiki yako wa Moshi